Jina la Mtoto wa Mashine Mbili

Sogeeni karibu, wakubwa kwa watoto, na aliyekaa juani ahamie huku ukutani. Kengele ya kwanza imeshalia. Ikilia ya pili, mzee wa kanisa atafungua daftari la ubatizo, atashika kalamu, atanitazama mimi, na mimi sina jibu. Nimetengeneza jenereta Lubumbashi, Mombasa na Maskati, na miji yote mitatu nimefukuzwa kazi kwa heshima zote, lakini kesi kama hii sijawahi kukutana nayo. Nisaidieni.

Hapa Lwipula wapo watu watatu, kila mmoja na kipawa chake.

Wa kwanza ni Mwalimu Tusajigwe, anayefundisha kwaya. Huyu mama ana sikio. Waimbe watu arobaini kwa pamoja, yeye atanyoosha kidole: "Wewe wa nyuma mwenye sweta, umeshuka." Na kweli mwenye sweta ameshuka. Mimi niliimba besi kwake siku moja tu, akaniomba kwa upole niwe nabeba mabenchi.

Wa pili ni Mzee Ambokile, mlinzi wa mfereji. Huyu ana mkono. Hushusha trei nne za mayai kwa baiskeli kutoka mlimani hadi sokoni, njia nzima mawe matupu, na sijasikia yai limepasuka. Akifungua lango la maji, hulifungua kwa unene wa ukucha, na maji yanafika kwenye mgomba wa mwisho bila kuuzamisha wa kwanza.

Wa tatu ni mama Subilaga. Aliolewa hapa akitokea bondeni, kwenye mpunga, miaka ishirini na miwili iliyopita, na mpaka leo wanamwita mgeni. Huyu ana zamu. Wanawake wanne wakitwanga kwenye kinu kimoja naye akiwemo, michi hupishana siku nzima bila kugusana. Akienda kunywa maji, hata kikombe hajakirudisha, "ko!" Mtu ameumizwa kidole.

Na mimi? Mimi ndiye fundi wa mtambo wa umeme. Kipawa changu mtakiona sasa hivi.

Mtambo wenyewe uko mtoni, nyuma ya kanisa hili. Ndani mna mashine mbili zinazozungushwa na maji. Moja inatosha taa za kijiji na redio zenu. Lakini chumba cha upasuaji cha kituo cha afya kinataka zote mbili kwa pamoja, na mashine mbili haziunganishwi hivihivi. Lazima kwanza zizunguke sawasawa, mpigo kwa mpigo, ndipo ushushe wenzo wa swichi. Ukiziunganisha zinapopishana, zitapigana kama majogoo ndani ya gunia.

Utajuaje kwamba ziko sawa? Ukutani kuna taa ndogo, imekaa nyuma ya kioo kizito chekundu. Mashine zikipishana, taa inawaka. Zikiwa pamoja kabisa, inazimika. Kwa hiyo fundi anasubiri giza. Giza ndiyo ruhusa.

Basi, Jumatano moja saa nne asubuhi, wiki sita zilizopita, simu ikalia. Ni Daktari Mbwilo. Tupokigwe, mke wa Gwamaka seremala, ameletwa na kifafa cha mimba. Anatetemeka, meno yamekaza, na mtoto bado yumo tumboni.

"Fundi, lazima nimpasue sasa hivi. Mashine ya oksijeni inakohoa. Nipe umeme wote."

"Dakika mbili, daktari!"

Nikafungulia maji, mashine ya pili ikaamka. Nikaitazama taa yangu nyekundu. Giza! Nikasema moyoni, leo Mungu kanipenda, hata kusubiri hakuna. Nikashusha wenzo.

Jamani. Balbu ya taa ile nilikuwa nimeichomoa mwenyewe wiki mbili kabla, nikaipeleka nyumbani iwapashe joto vifaranga wangu. Ningesimama pale hadi Krismasi, ingeniambia giza tu.

Kishindo chake nadhani mlikisikia nyote. Swichi ikarukia juu. Balbu zote za chumba cha mitambo zikaungua, kwa hiyo hata ya kuazima sikuwa nayo. Na kile chuma kinachodhibiti mwendo wa mashine ya pili kikakatika. Sasa ilikuwa kama punda aliyekata kamba: mara inakimbia mpaka sakafu inatetemeka, mara inazubaa karibu isimame, halafu inakimbia tena, na hakuna mbio zilizofanana na zilizotangulia. Nikaudaka usukani wa lango la maji. Ikikimbia, nafunga kwa nguvu zote. Ikizubaa, nafungua kwa nguvu zote. Kila nilipozidisha nguvu, nayo ikazidisha wazimu. Nilikuwa nalia, na siwaambii uongo.

Kishindo kile kiliwaleta wote watatu. Tusajigwe alikuwa kanisani na kwaya, Ambokile alikuwa mferejini, Subilaga alikuwa uani kwa mchungaji akitwanga mpunga wa sherehe. Simu ikalia tena, nikaiweka sauti ya juu.

"Fundi! Oksijeni inazimika na kuwaka. Nina robo saa, haizidi hapo."

Wa kwanza kuingia alikuwa Mzee Ambokile. Alinitazama nikihangaika, akatikisa kichwa.

"Fundi, unapigana nayo. Hebu toka hapo."

Nikatoka. Akaweka vidole viwili juu ya usukani, akatulia kana kwamba anasubiri chai. Mashine ikapanda, hakuigusa. Ikashuka, hakuigusa.

"Mzee, fanya kitu!" nikapiga kelele.

"Nafanya. Katika kupanda na kushuka kwake, kuna mahali inapita karibu na mwendo tunaoutaka. Sihangaiki kuifukuza. Ikipita hapo, naigusa kidogo."

Ikapita, akagusa, unene wa ukucha. Ikapita tena, akagusa tena, mara hii nusu ya ukucha. Na punda yule, mbele ya macho yangu, akaanza kutembea. Ila kila Ambokile alipoinua kidole kwa muda mrefu kidogo, punda alianza tena ukorofi. Kwa hiyo mzee hakubanduka pale.

Lakini kutembea vizuri siyo kutembea pamoja na mwenzako, na taa ya kutuambia haikuwepo. Hapo Mwalimu Tusajigwe, aliyekuwa mlangoni, akafumba macho.

"Zinaimba," alisema. "Ya kushoto, hiyo ya Mzee, iko juu kidogo kuliko ya kulia. Hamsikii? Katikati yao kuna kitu kinasema wau-wau-wau."

"Mimi nasikia kelele tu, Mwalimu."

"Wewe ni wa mabenchi. Mzee Ambokile, shusha. Kidogo. Kidogo tena!"

Akawa anamwongoza mzee kwa mkono kama anavyowaongoza wa soprano. Ile wau-wau-wau ikarefuka. Ikawa waaau... waaau... Ikawa kama mtu anayevuta pumzi akiwa usingizini. Katikati ya pumzi na pumzi palikuwa na ukimya mdogo, na ndani ya ukimya huo mashine zilikuwa zinaimba sauti moja.

"Sasa!" akasema Mwalimu.

Nikarukia wenzo, lakini ukimya ulishapita. "Sasa!" Nikachelewa tena. Mara ya tatu mikono ilikuwa imelowa jasho, nikashika hewa. Kutoka simuni tulimsikia daktari akimwambia nesi ambonyezee mgonjwa hewa kwa mkono.

Ndipo mama Subilaga akanisukuma kwa nyonga, msukumo halisi, nikakaa chini.

"Shemeji, ukisikia 'sasa' umeshachelewa. Mchi unainuliwa kabla ya zamu yako. Mwalimu, usiniambie kitu. Imba tu."

Mwalimu akaiimba ile waaau kwa sauti yake, ili Subilaga aisikie vizuri. Subilaga akashika wenzo kwa mikono miwili, akawa anayumba mwili, mbele, nyuma, mbele, nyuma, kama yuko kwenye kinu. Sauti ilikuwa bado haijafika kwenye ukimya alipouachia wenzo ushuke. Ukashuka nao ukimya ukifika.

Tk.

Hivyo tu. Hakuna kishindo. Mashine mbili zikashikana, na tangu hapo ya haraka ikawa inaivuta ya polepole, ya polepole inaishika ya haraka koti, zikaenda pamoja zenyewe. Ambokile akainua vidole vyake, akavitazama, na punda hakukimbia tena.

Baada ya dakika kumi na moja tulisikia simuni sauti ya mtu ambaye hakuwepo duniani asubuhi ile. Alikuwa na hasira sana. Msichana. Na mama yake yuko hai, yule kule, amevaa kitenge cha njano. Mpungieni mkono.

Sasa kesi. Mila ya Lwipula mnaijua: mtoto aliyeokolewa huitwa jina la aliyemwokoa. Jina moja tu, liwe la mwanamume au la mwanamke. Na wajina si mtu wa kusalimiwa tu. Yeye ndiye anayemfunika mtoto nguo yake ya kwanza, yeye ndiye anayeulizwa siku mtoto akiposwa, na siku ya kufa kwake yule mtoto ndiye anayetangulia mbele ya jeneza. Mwalimu Tusajigwe hana mtoto. Mzee Ambokile anao saba, lakini mila haimruhusu mtu kumpa mwanawe jina lake, na nduguze wote wameshatangulia. Akiondoka yeye, jina limeondoka. Mama Subilaga akipata wajina hapa, nani tena atamwita mgeni?

Wiki ya kwanza walikuwa na adabu. "Apewe Mzee." "Hapana, apewe Mwalimu." Wiki ya pili adabu ikaisha.

"Bila mimi mngeunganisha wazimu," alisema Ambokile.

"Bila mimi mngeunganisha wakati wowote tu, kama Fundi," alisema Mwalimu.

"Bila mimi msingeunganisha kabisa," alisema Subilaga. "Mngekuwa bado mnaimba pale."

Gwamaka, baba wa mtoto, akachanganyikiwa hadi akatengeneza kiti chenye miguu mitano. Akasema kesi iamuliwe na mtu asiye na upande. Wakatafuta kijiji kizima nani hakusaidia kitu siku ile, wakanipata mimi.

Nikajaribu kuyaunga majina yote matatu. Bibi wa mtoto akaniuliza, "Fundi, huyu ni mjukuu wangu au ni treni?" Nikashauri kura. Ambokile akakataa: "Kura haikushika usukani." Nikaenda kwa Daktari Mbwilo, mtu msomi, labda atanipa mwanga. Ndiye aliyenimaliza.

"Unajua kifafa ni nini, Fundi? Kichwani, kwa kawaida, kila kundi la chembe lina mazungumzo yake. Siku ile chembe za Tupokigwe ziliacha mazungumzo yao, zikawa zinapiga makofi pamoja, mpigo mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuzitenganisha."

"Daktari, ina maana sisi kule mtoni tulihangaika kuunganisha, na wewe huku ulihangaika kutenganisha?"

"Ndiyo."

"Kwa mtu yuleyule?"

"Kwa dakika zilezile."

Nilirudi nyumbani, nikakaa na vifaranga wangu. Wamenenepa.

Mwisho nikamwendea Tupokigwe mwenyewe, alikuwa ananyonyesha. Nikamwuliza, dada, wewe unataka jina la nani? Akamhamishia mtoto titi la pili.

"Nataka la yule ambaye, asingekuwepo, mimi na mwanangu tusingekuwepo."

Nikamshukuru, nikatoka nikiwa na furaha. Nilikuwa nimefika getini nilipokumbuka kwamba amewataja wote watatu.

Basi ndiyo hivyo. Mtoto ana wiki sita na bado anaitwa Katoto. Mtawaona wamekaa benchi la mbele, nililibeba mwenyewe: Mwalimu upande huu, Mama Subilaga upande ule, Mzee katikati. Kila mmoja amekuja na kitambaa kipya amekikunja mapajani, cha kumfunika wajina wake. Vitambaa vitatu, na mtoto mmoja, na wawili kati yao watarudi nyumbani na kitambaa kilekile walichokuja nacho.

Aliyetuliza mwendo, aliyesikia ukimya, aliyeuwahi ukimya. Haya, hiyo ndiyo kengele ya pili. Mzee wa kanisa ameshachovya kalamu, ananitazama. Wewe uliyekaa kwenye kivuli, ungekuwa wewe, ungemwambia aandike nani?