Kongoni na Watoto wa Mama Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Jibu lenu limelala. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Watoto sogeeni mbele. Wakubwa msijifiche nyuma, hadithi hii ni yenu pia.

Hapo kale, mvua ilikataa kunyesha. Mto ukakauka, nyasi zikawa vumbi. Wazee wakabaki peke yao, yatima wakazurura. Wanyama wakasema, "Tusipoangaliana, tutakwisha." Wakaunda kikundi cha kuwasaidia wenye shida, wakamchagua Kongoni awe mkuu wao.

Kongoni alikuwa na miguu mirefu na moyo mwema. Alisimama juu ya kichuguu, akaona mbali. Wasaidizi wake walikuwa wawili: Muhanga, mchimba mashimo, na Kanga, mwenye maneno mengi.

Kongoni alipenda kazi iende upesi. Anaamuru, kisha anasema, "Mmesikia?"

"Tumesikia, Mkuu."

Wanakwenda. Wanarudi.

"Mmesikia?"

"Tumesikia, Mkuu."

Wanakwenda tena.

Sasa, palikuwa na Mama Ngiri, mjane. Mumewe alichukuliwa na simba. Yeye mwenyewe alichomwa na mwiba, mguu ukavimba ndi! Akatembea anachechemea. Watoto wake watatu walikuwa mbavu tupu.

Kongoni aliwaona kutoka kichuguuni. Hakushuka. Akasema, "Yule mama hawezi tena kulea. Wachukueni watoto, wapelekeni kwa Nyani, ng'ambo ya korongo. Kule kuna matunda. Mmesikia?"

Muhanga alikohoa. Alitaka kusema neno. Neno likapanda mpaka kooni, likashuka tena tumboni.

"Tumesikia, Mkuu."

Njiani Kanga akaanza, "Che-che-che! Mkuu gani huyu? Kuwatenga watoto na mama yao! Hawatakaa kule, nakwambia."

"Rudi basi ukamwambie," akasema Muhanga.

"Mimi? Sema wewe."

"Wewe ndiye mwenye maneno."

Hakuna aliyerudi. Wakafika.

Mama Ngiri akafurahi kuwaona. "Karibuni, wanangu. Mmeniletea mizizi?"

Kanga, mwenye maneno mengi, akajificha nyuma ya Muhanga. Muhanga akatazama chini. "Tumetumwa tuwachukue watoto, mama."

"Kwani nimewapiga? Nimewatupa?"

"Hapana, mama. Tumetumwa tu."

Wakawachukua. Kwi! Kwi! Kwi! Kilio kikaingia korongoni, kikatokea upande wa pili.

Kwa Nyani matunda yalikuwapo. Nyani aliwabembeleza, akawaimbia. Hawakula. Walijikunja pamoja, pua zimeelekea kwao.

Kulipokucha, yule mdogo kabisa hayupo. Amemfuata mama yake. Nyani akapiga kelele, "Wahu! Wahu! Mtoto kapotea!"

Kongoni akasikia. Safari hii alishuka. Akakimbia, puru puru puru, wasaidizi wake nyuma. Kwenye mchanga wa mto mkavu wakaona nyayo ndogo za ngiri. Na juu ya nyayo ndogo, nyayo za chui.

Wakafuata. Wakamkuta mtoto amejibana katika ufa wa mwamba. Chui yuko nje anaparura, kwaru, kwaru, kwaru. Sikio la mtoto linatoka damu.

"Kanga, mpigie kelele usoni!" akasema Kongoni. "Muhanga, chimba kwa nyuma! Chui niachieni mimi."

Hapo hakuna aliyeuliza, hakuna aliyeguna. Kanga akaruka, che-che-che-che! Chui akafumba macho. Kongoni akapita mbele yake karibu mno, chui akamrukia, akamkosa, akamfukuza. Huku nyuma Muhanga anachimba, fuku fuku fuku, mpaka akamvuta mtoto nje.

Chui alichoka kukimbia. Kongoni akarudi anahema. Akaliona lile sikio limechanika.

"Mlijua kwamba hawatakaa kule?"

"Tulijua," akasema Muhanga.

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukutuuliza, Mkuu. Ulisema 'mmesikia.' Hukusema 'mnaonaje.'"

Kongoni akainamisha pembe zake. "Kosa ni langu. Niliamua kwa macho ya mbali. Lakini nanyi mlikuwa na midomo."



"Ni kweli," akasema Muhanga. "Tulikuogopa wewe kuliko tulivyomwonea huruma mtoto."

"Mimi nilikuteta njia nzima," akasema Kanga. "Mbele yako nikanyamaza. Ile haikuwa heshima."

Wakampeleka mtoto kwao. Mama Ngiri hakumsalimu mtu. Alilamba sikio la mwanawe, akalilamba tena. Kongoni akapiga magoti vumbini.

"Mama, tumekukosea. Tukusaidie nini?"

"Leo ndiyo mnaniuliza?"

"Leo, mama."

Akafikiri. Akasema, "Mguu huu haunifikishi kwenye mizizi. Nichimbieni mpaka nipone. Na nikilala, mtu awaangalie watoto. Basi. Kulea naweza."

Kongoni akawageukia wenzake. "Mnaonaje? Wale wawili tuwafuate kesho, tukishapumzika?"

"Hapana, Mkuu," akasema Muhanga. Sauti ilimtetemeka, lakini ilitoka. "Leo. Wasije nao wakatoroka."

"Umesema kweli. Leo."

Wakaenda. Nyani akawaleta watoto mwenyewe, na kwa vidole vyake vyembamba akauchomoa ule mwiba. Muhanga akachimba mizizi. Kanga akalinda kutoka kwenye tawi, na kelele zake zikapata kazi. Kongoni, mkuu mzima, akawa anabeba mizizi mdomoni.

Mguu ukapona. Watoto wakanenepa. Sikio halikuunga tena. Mama Ngiri alimsamehe Kongoni, lakini si siku ile, wala si mwezi ule.

Basi wasikilizaji wangu, anayeongoza ashuke aulize kabla ya kuamuru. Anayefuata aseme kweli mbele ya mkuu wake, siyo njiani. Na hatari ikija, atii upesi. Na mwenye shida ndiye wa kuulizwa kwanza, maana maisha ni yake.

Hadithi yangu imefika mlangoni, imeketi. Nami naketi.