Kekee Moja, Mikono Mitatu

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana simu za kutelezesha kidole zilikuwa zimeshaingia kila nyumba, paliishi Tanga bibi mmoja akiitwa Bi Mashavu. Mzaliwa wa Ngamiani, mkazi wa Ngamiani, na ulimi wa Ngamiani vilevile. Alijaaliwa wana, wajukuu na vitukuu, wala hakupungukiwa na kitu ila kimoja: hakuwahi kuuona uso wa mama yake.

Mama yake, Kibibi, alifariki Mashavu akiwa bado ananyonya. Picha hakuacha. Aliacha kekee moja ya fedha, bangili pana ya mkononi, iliyovunjika pembeni ikafungwa waya wa shaba, fundo la waya likachomoza nje. Na aliacha maneno, ambayo shangazi Mwanjaa, aliyemlea mtoto, aliyatunza vizuri kuliko kekee. Kila Mashavu alipokosea, shangazi alisema, "Huna ajabu wewe. Mama yako aliipenda ngoma kuliko wewe. Alikuacha mkekani unalia, akaenda zake kupiga vugo."

Vugo, kwa asiyeijua, ni ngoma ya wanawake harusini, pembe zinagongwa na vijembe vinaimbwa. Na maneno ya kuumiza, mtoto akiyasikia mara moja husahau. Akiyasikia kila siku, hukua nayo. Bi Mashavu alizeeka nayo. Kekee hakuivua mkononi, na swali halikumtoka moyoni: mama alinitaka, au hakunitaka?

Basi siku moja mkwewe Zamda alikuwa jikoni anakuna nazi, simu kaiegemeza kwenye bakuli, anacheka mpaka anayumba juu ya mbuzi.

"Mama, njoo ucheke! Watu wa kale wanapiga vugo kama wamekanyaga siafu!"

Ilikuwa filamu bubu, ya zama zile picha zilipotembea bila sauti. Wanawake wa harusi wamejipanga mstari, pembe mikononi, wanatikisika harakaharaka kama wanafukuzwa. Aliyeirusha mtandaoni katia na muziki wa vichekesho. Chini yake watu walikuwa wamejaa, kila mmoja na lake. "Bibi katiwa betri mpya," kaandika mmoja. Bi Mashavu naye alicheka. Alicheka mpaka yule mtoa nyimbo wa mbele alipoinua mkono, na mkononi kekee, na kwenye kekee fundo la waya.

Akautazama mkono wake. Akautazama uso wa yule mwanamke, akauona wake mwenyewe wa ujanani.

"Zamda," alisema, "usicheke tena. Huyo ni mama."

Jamani, kumwona mama kwa mara ya kwanza, na kumwona akichekwa! Bi Mashavu alijifunika kanga usoni akalia kama mtoto.

Zamda hakukaa. Aliulizia, akajua aliyeirusha ni Hemedi, fundi simu wa barabara ya kumi na mbili, akamwita. Hemedi akaja na viatu mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona unamchezea mama yangu?"

Hemedi alitamani ardhi ipasuke. Akaeleza kwamba filamu kaipata kwa mzee mmoja wa mtaani, Mzee Mbwana, kwenye mkebe wa bati. Akaeleza kwamba mzungu aliyepiga picha alizungusha kamera kwa mkono, taratibu, na picha za namna hiyo ukizipeleka kwa kasi ya leo, watu wake huenda mbiombio kama vikaragosi. "Nilijua, bibi. Niliiacha hivyo kwa kuwa watu wanapenda. Na mwisho wake niliukata, maana haukuchekesha."

"Mwisho gani?"

"Nitauleta wote."

Akaenda. Kwanza aliifuta filamu mtandaoni, na wakati ule watazamaji ndiyo kwanza walikuwa wanamiminika. Kisha akafunga duka, akairudia picha moja moja, akaisafisha, akaipunguza kasi mpaka pembe zikagongana kama zinavyogongana mikononi mwa watu. Akairudisha mtandaoni nzima, bila muziki, na simu akaipeleka kwa Bi Mashavu.

Bi Mashavu aliwaona wanawake wanakwenda kwa madaha, mabega yakipanda na kushuka. Hakuna aliyekimbia. Mwishoni, ule mwisho uliokatwa, mwanamke aliyeketi akanyanyua kitoto. Kibibi akageuka, akakipokea, akakifunga mgongoni kwa kanga, akaiinua pembe akaendelea kuimba. Kitoto kilikuwa kinanyonya ngumi.

"Kumbe nilikuwapo," Bi Mashavu alisema. "Shangazi, Mungu akusamehe, kumbe nilikuwapo!"

Alifurahi, lakini furaha ina choyo. Sasa alitaka kujua mama anaimba nini. Mdomo unafunguka, mdomo unafumba, na neno halitoki.

Mtaa wa pili palikuwa na fundi cherehani, Riziki, aliyepoteza usikivu utotoni kwa homa. Riziki alipenda filamu bubu kupita kiasi. Zile zilizopotea zikapatikana kwenye maghala na madari, zikasafishwa zikawekwa mtandaoni, alizitazama zote huku anashona. "Humo sisi sote viziwi," alisema, "hakuna anayenizidi." Na kwa kuwa alizoea kusoma midomo ya wateja, alisoma na midomo ya marehemu. Alipoiona vugo ile haina haraka tena, na habari za mama yake Bi Mashavu zimeshaenea mtaani, aliacha suruali ya mtu kwenye cherehani, akaenda kubisha hodi kwa Bi Mashavu.

"Bibi," alisema kwa sauti yake nzito, "mama anajibu watu."

Akamsomea, kidole kwenye kioo:

*Mwasema nimemuacha, mwanangu yu mkekani,*
*Ngoma hadi kunakucha, naye aja mgongoni;*

Hapo akaruka mstari mmoja. Kisha:

*Wenye choyo watachacha, sisi tuko uwanjani.*

"Na mstari wa katikati?" Zamda aliuliza.

"Hapo kageuka kumpokea mtoto. Nimeona kisogo."

"Si ubunie tu!"

"Kisogo hakina midomo, shoga. Siwezi kumtilia mama wa mtu maneno."

Bi Mashavu alicheka na kulia kwa pamoja. Ulimi ule aliujua. Ulikuwa wake.

Ijumaa iliyofuata akawaita wote watatu, Mzee Mbwana, Hemedi na Riziki, pamoja na majirani, akapika pilau, na watu walipokwisha kunawa mikono akaivua kekee akaiweka kwenye sinia.

"Wajukuu zangu wanataka dhahabu, fedha hawaitaki," alisema. "Hii nampa aliyenirudishia mama. Kekee haikatwi. Semeni."

Mzee Mbwana alianza, kwa haki ya umri. "Dada, baba yangu alikuwa mpishi wa yule mzungu. Mzungu kaondoka, mkebe kauacha. Baba alipokuwa anakata roho aliniambia, 'Usiutupe, wamo watu.' Mimi sikuwahi kuwaona hao watu. Nimehama nao nyumba hata nyumba. Ulipozeeka ukaanza kunuka siki, mke wangu akaniuliza, nyumba inanuka siki, achari iko wapi? Kwa ajili ya mkebe nimelala ukumbini. Ningeutupa, hawa wangesafisha nini, wangesoma nini?"

"Kweli," Bi Mashavu alijibu. "Lakini kaka, umekaa na mama yangu uvunguni umri wote, na hata siku moja hukuuliza mtaani ni watu wa nani."

Mzee Mbwana akasogea kumpisha Hemedi.

Hemedi akasema, "Mimi nina kosa, sikatai. Lakini mkebeni mama alikuwa giza tupu. Nimemtoa mimi. Na nilipoambiwa nimemvunjia heshima, niliiacha sifa ikiwa mlangoni, nikamrudishia mwendo wake. Na wewe mgongoni, bibi, ni nani aliyekuonyesha?"

"Wewe. Na aliyenikata mwanzo ni nani?"

"Mimi," Hemedi alisema.

Riziki alikuwa anaitazama midomo yao. Ilipofika zamu yake alisema, "Uso ulishauona, bibi, na mtoto ulishamwona. Shangazi yako angeweza bado kusema, siku hiyo alikubeba, siku nyingine alikuacha. Aliyemjibu shangazi ni mama mwenyewe, na bila mimi asingesikika."

Jirani mmoja akakohoa. "Na nani ashuhudie kuwa ndivyo alivyosema? Hapa sote hatujui kusoma midomo."

"Hakuna," Riziki alisema. "Kama ningetaka kudanganya, ningemalizia na ule mstari."

Hapo watu wakagawanyika. Wazee kwa Mzee Mbwana, vijana kwa Hemedi, wanawake wengi kwa Riziki. Zamda akachokoza, "Na yule mzungu aliyezungusha kamera, hana fungu?"

"Yule hata hodi hakupiga," Bi Mashavu akamkata.

Akawatazama wote watatu, mmoja baada ya mwingine, na wote aliwapenda. Akainyanyua kekee, akainyoosha upande huu, akairudisha. Akainyoosha upande ule, mkono ukasita.

Haya, ndugu zangu. Mkono wa Bi Mashavu umezeeka na unaanza kuchoka. Yupo aliyemhifadhi mama asijue ni nani. Yupo aliyemfedhehesha, kisha akamrudishia heshima yake na mtoto wake. Na yupo aliyempa sauti ambayo hakuna mwingine wa kuihakiki. Nyinyi mliokula pilau hii kwa masikio, msimwache bibi na mkono hewani: kekee aivae nani?