Mashua ya Bi Riziki

Penye kiraka pana mwenyewe. Methali hii mliisikia jana sokoni, wanangu, na mmeniuliza nani aliyeisema kwanza. Basi chanzo chake ni hiki.

Katika kisiwa kimoja kidogo, ng'ambo tu ya Pemba, aliishi Kombo Faki na mkewe Time. Kombo alikuwa akivusha watu kwa mashua: wagonjwa, wanafunzi, kina mama na ndizi zao. Mashua hiyo aliinunua ikiwa imepakwa rangi mpya, inang'aa kama sahani. Siku moja, katikati ya mkondo, ubao wa chini ukaachia na chombo kikazama. Watu wote waliokolewa, lakini Time alikuwa mjamzito, na mimba ikatoka. Hakuna aliyemlaumu Kombo. Alijilaumu mwenyewe, kwamba alitazama rangi asitazame mbao.

Kukaa bila chombo kisiwani hakuwezekani. Wakauza ng'ombe wao wa maziwa, na Kombo akaelekezwa kwa Bi Riziki, mjane wa nahodha Hamad. Mashua ya marehemu ilikuwa imekwenda Tanga, Mombasa, hata Mafia, kwa miaka mingi. Kombo alipoiona, alivunjika moyo. Tanga lake lilikuwa na viraka, na mbavuni mlikuwa na vipande vya mbao vya kila namna.

"Mama, chombo hiki kimechoka," alisema kwa upole, asije akamuumiza.

"Kimetembea, mwanangu. Kama kimechoka au la, kiangalie mwenyewe. Ingia."

Kombo akavua viatu, akaingia. Alifunua mbao za chini, akagonga mataruma, zile mbavu za chombo, moja moja kwa mpini wa kisu huku akisikiliza. Kila alipofikia kiraka alijaribu kuchomeka ncha ya kisu, na kisu kikagoma. Pamba ilikuwa imeshindiliwa vizuri kati ya mbao, na misumari imekaa imara. Huyu mtu, aliwaza, hakuacha jeraha hata moja lilale bila dawa.

Kisha akafika nyuma, upande wa usukani. Palikuwa na ubao mzima, laini, mzuri kuutazama. Kisu kikazama kama kwenye muhogo uliooza. Kombo akainua macho, akangoja uongo.

"Hapo pameoza," Bi Riziki alisema kabla hajaulizwa. "Marehemu alipaona. Alisema akitoka hospitali atapaziba kwa kiraka. Hakutoka."

Kombo aliketi humohumo chomboni. Mahali pekee palipokuwa pabovu ndipo mkono wa mwenyewe haukuwahi kufika.

"Nitapaziba mimi," alisema mwishowe. "Lakini kwanza nimlete mke wangu aione."

Time alikuja kesho yake. Tangu ajali hakuwa amekanyaga maji hata ya magotini. Alipitisha kiganja juu ya viraka, polepole, kama anayemkagua mtoto aliyeanguka. Kisha akauliza, "Ubovu uko wapi?" Kombo akamwonyesha.

"Basi tunaujua," Time akasema. "Wa mashua ile ya kwanza hatukuujua."

Wakainunua. Kombo aling'oa ubao uliooza, akatia mwingine, akashindilia pamba kama alivyofanya Hamad. Siku ya kuishusha majini, jirani mmoja akamtania: "Kombo, umenunua mashua au umenunua viraka?"

Kombo hakukasirika. "Penye kiraka pana mwenyewe," alijibu. "Kuna mtu alipaona, akapashughulikia. Mimi naogopa pale ambapo hapana aliyepagusa."

Wakati watu bado wanacheka, Time alifunga kanga yake kiunoni, akaingia majini, akapanda wa kwanza. Kisha akamnyooshea mkono Bi Riziki, aliyekuja kuiona mashua ya mumewe ikishuka, naye akapanda.

Mashua ile ilivusha watu mpaka Kombo akaota mvi. Maneno yake yakavuka nayo, yakafika hadi kwa wasiojua hata kushika kasia. Mkiona wanandoa waliogombana wakapatana, au mtu aliyeumizwa akauguzwa akainuka tena, msiharakishe kucheka. Penye kiraka pana mwenyewe.