Pumzi Katika Wimbo wa Ambakisye

Hapo zamani, si zamani ya wafalme na mazimwi, ni zamani hii ya jirani ambayo baadhi yetu tuliiona kwa macho, palikuwa na mtu aitwaye Ambakisye. Aliishi upande wa Rungwe, mlimani kwenye mvua nyingi na migomba mingi, katika nyumba kubwa yenye mtu mmoja. Mkewe, Atuganile, alikuwa amefariki. Binti yao, Sekela, alifanya kazi katika kiwanda cha chai, mbali, ng'ambo ya milima.

Siku ya mazishi Sekela alisema, "Baba, nitakuja Krismasi." Krismasi ikaja, Sekela hakuja. Akasema Pasaka. Pasaka ikaja, Sekela hakuja. Nyumba isiyo na mama ilimtisha. Mwaka baada ya mwaka akawa anapiga simu tu.

"Baba, hujambo?"

"Mimi mzima, mwanangu."

Basi, simu inakatwa.

Ambakisye alikuwa mpiga gitaa, na alimtungia mkewe wimbo. Mwanzo wake ulikuwa wa kifua kizima, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Halafu ulishuka. Ulishuka ubeti kwa ubeti, mpaka ule wa mwisho haukuwa kuimba tena. Ulikuwa sauti ya mtu anayesema na mgonjwa aliyekaribia kusinzia. Maneno yake yalikuwa yale yale aliyomwambia Atuganile alipokuwa akiugua:

Lala, moto nimeufukia.
Lala, kuku nimewafungia.
Mlango usiuache wazi,
nikichelewa nitabisha.

Kila jioni aliuimba barazani, akidhani yuko peke yake. Kumbe nyuma ya ua wa matete aliishi mjane aitwaye Mama Lugano. Ubeti wa kwanza Mama Lugano aliusikia akiwa jikoni. Ubeti wa pili ulimtoa mlangoni. Ubeti wa mwisho ulimkuta ameegemea ua, amezuia pumzi ili asipitwe na neno. Hakumwambia hata siku moja. Aliogopa kwamba mtu akijua anasikilizwa, hataimba vile tena.

Mama Lugano alisikia na kitu kingine: kikohozi. Siku moja alimkuta Ambakisye kisimani ameshika leso yenye damu.

Ambakisye akasema, "Jirani, hili liishie hapa. Sekela ana kazi yake, usimtie hofu."

"Nimesikia, Baba Sekela."

Hakumwambia mtu.

Sasa, mjini palikuwa na kijana aitwaye Ipyana, mwenye studio ndogo nyuma ya duka la dawa, kuta zote amezibandika trei za mayai ili sauti isigonge na kurudi. Ambakisye akamwendea na gitaa lake.

"Kijana, nataka wimbo huu ubaki hata nikiondoka. Lakini nisikilize vizuri. Ubeti wa mwisho usiuguse. Uache chini, kama nilivyouweka. Anayetaka kuusikia atasogea."

"Mzee, sitaugusa."

"Niahidi."

"Nakuahidi."

Wakarekodi. Ulipofika ubeti wa mwisho Ipyana alivua vifaa vya masikioni akajifuta macho, maana naye alikuwa na moyo, msimdhanie vibaya. Aliupenda wimbo ule kuliko kazi zote zilizopita mikononi mwake. Akaupeleka redioni vilevile ulivyo.

Mtangazaji akampigia simu. "Ipyana, wimbo wako unakufa njiani! Wasikilizaji wanadhani redio zao zimeisha betri. Upandishe, la sivyo siupigi tena."

Ipyana akakaa mbele ya kompyuta yake. Akafikiri: wimbo huu ukifia hapa, nani atamjua mzee huyu? Basi akafanya kama wafanyavyo wengi. Sauti ya juu aliikandamiza. Sauti ya chini akaipandisha. Akakandamiza tena, akapandisha tena, mpaka vyote vikalingana kama majani ya chai yaliyopitiwa na mashine. Kisha akauinua wimbo mzima mpaka ukagota mwisho wa uwezo wa spika. Mnong'ono ukawa sawa na mwito. Kidole kilichogusa uzi kikawa sawa na ngumi. Hata pumzi ya mzee, ile iliyojificha kati ya neno na neno, nayo ikapanda.

Wimbo ukaenea. Ulipigwa salooni, ukapigwa harusini, ukapigwa stendi.

Ambakisye alikuwa amepeleka mahindi kusagisha. Mwenye mashine ya kusaga alikuwa na spika kubwa mlangoni. Ghafla Ambakisye akasikia sauti yake mwenyewe ikipiga kelele juu ya kelele za mashine: LALA, MOTO NIMEUFUKIA! Vijana waliobeba magunia wakaitikia kwa nguvu, LALA! Mmoja akacheza na debe kichwani. Hakuna aliyemtambua mzee aliyesimama kwenye foleni. Aliacha mahindi yake pale pale, akaenda moja kwa moja studio.

"Uliniahidi."

"Mzee, watu wanaupenda. Nenda popote, wanaupenda."

"Wanapenda nini? Tangu nimuoe Atuganile sikuwahi kumpandishia sauti. Leo yuko kaburini, umenifanya nimfokee mbele ya watu."

Ambakisye akanyoosha mkono.

"Basi nirudishie ule wa kwanza."

"Haupo, Mzee. Kompyuta ilijaa. Niliufuta, na redioni nao wameufuta."

Ambakisye akarudi nyumbani. Tangu siku hiyo hakuimba. Gitaa alilitundika ukutani na kuligeuza uso. Alipoombwa aende harusini alisema anaumwa. Alipopita njiani akausikia wimbo, alikata kona. Na jioni Mama Lugano alikuja uani, akasimama, akangoja, akasikia matone ya mvua kwenye migomba tu.

Kule kiwandani Sekela alikuwa kwenye mashine za kukaushia. Mashine zile zinanguruma kiasi kwamba watu husemezana kwa mikono. Lakini redio ilikuwepo, na siku moja ikapiga wimbo wa baba yake. Wimbo wa namna nyingine usingesikika pale. Huu ulisikika. Wenzake wakampigia makofi kwa furaha. Sekela hakufurahi. Alikuwa amesikia pumzi.

Utotoni baba yake alimbeba mgongoni kutoka shambani, kilima chote mpaka nyumbani, sikio lake limelala kwenye mbavu za baba. Aliijua pumzi ya baba yake kuliko alivyoijua sura yake. Na hii iliyotoka redioni ilikuwa na mluzi ndani, kama upepo unaolazimisha kupita kwenye ufa wa dirisha.

Akavua aproni na kuomba ruhusa. Walipomnyima, akaondoka bila ruhusa.

Alimkuta baba amekaa gizani, hajawasha taa, amekonda. Akampeleka hospitali. Daktari akamchunguza, akasema, "Kuna uvimbe kooni. Mmemleta ukingoni kabisa. Kama mngengoja mavuno, nisingekuwa na la kuwaambia. Tunaweza kuukata, lakini utaondoka na sauti."

Ambakisye akauliza, "Nitaimba?"

"Hapana, Mzee. Hutaimba wala hutaongea."

Akaomba atoke nje kidogo. Sekela akataka kumfuata, akamzuia kwa mkono. Alikaa peke yake kwenye benchi, chini ya paa la bati, watu wakipita na vikapu vya chakula cha wagonjwa wao. Hakuimba wala kulia. Aliporudi ndani alimwambia daktari, "Haya." Hilo ndilo neno la mwisho lililotoka kwenye koo lake.

Akapona. Akarudi nyumbani, mzima na bubu.

Mvua zilipopungua akaja mgeni, kiongozi wa bendi moja ya mjini. Alitaka kuuimba wimbo ule upya, na akauliza, "Mzee sasa hasemi. Nani mwenye wimbo? Nani wa kutuambia uimbwe vipi?"

Ambakisye akawaita watu watatu sebuleni: Sekela, Ipyana na Mama Lugano, jirani aliyemtunzia siri. Akagusa koo lake. Akainua kidole kimoja. Wakaelewa: anaukabidhi wimbo, na anaukabidhi kwa mmoja.

Kabla hajaonyesha ni nani, Sekela akaanza. "Wimbo ni wangu. Watu wote nchini waliusikia, wakacheza. Mimi peke yangu nilimsikia mtu aliyekuwa ndani yake. Niliacha kazi nikaja. Baba yuko hai kwa sababu sikio langu lilimjua."

Ipyana akasema, "Dada, sikio lako lingesikia nini? Mluzi ule nani aliuleta juu? Ningeutimiza ule ukimya alioutaka, pumzi ingebaki imefichwa na mashine zenu zingeumeza wimbo. Leo ungekuwa unapalilia kaburi. Ni kweli nilivunja ahadi, na sijivunii. Lakini ahadi ile ningeitunza, ingemuua."

"Wewe hukujua kuna ugonjwa," Sekela akamjibu. "Ulichotaka ni kusikika."

"Na wewe, dada, ulikuwa wapi Krismasi zote hizo?"



Mama Lugano akasema, "Ninyi wawili mmeokoa mwili. Sibishi, Mungu awabariki. Lakini mnagombea wimbo ambao hamjausikia. Wewe, kijana, uliusikia mara moja ukaufuta. Wewe, mwanangu, ulisikia kelele na pumzi. Mimi niliusikia kama ulivyotungwa, jioni baada ya jioni. Duniani kote umebaki hapa tu." Akagusa kifua chake.

Sekela akamgeukia. "Na kikohozi, mama? Hicho hukukisikia?"

Mama Lugano akasema, "Nilikisikia. Aliniomba ninyamaze, nikanyamaza. Ndivyo nilivyomheshimu."

"Heshima hiyo ilikuwa inamzika."

"Labda," alisema Mama Lugano. Halafu, badala ya kubishana, akaimba. Akashuka mpaka ubeti wa mwisho, chini kabisa, na Sekela na Ipyana wakajikuta wameinama kumfuata. Ambakisye akafumba macho. Uso wake ukalegea, kama mtu aliyeshikwa mkono.

Lala, moto nimeufukia.
Lala, kuku nimewafungia.
Mlango usiuache wazi,
nikichelewa nitarudi.

Ambakisye akafumbua macho. Si "nitarudi." Ni "nitabisha." Matete ya ua yalikuwa yameiba neno moja, na Mama Lugano hakujua. Ipyana alijua, wimbo wake wa kelele ulikuwa na kila neno mahali pake. Akasema, "Umekosea, mama." Sekela akasema mwache amalize. Mama Lugano akasema hajakosea, ndivyo alivyosikia. Wakaanza kupandishiana sauti, wote watatu kwa pamoja, kila mmoja akitaka awe juu ya mwenzake.

Ambakisye alifungua mdomo. Alikuwa na jambo la kusema, na hakuna kati yao aliyekuwa akimtazama. Akanyanyuka polepole, akapita kati yao, akatoka nje akaketi barazani, mgongo ameupa mlango.

Sasa ninyi mnaonisikiliza, kijana alivunja ahadi na mzee akapona. Binti aliijua pumzi ya baba yake, lakini alichelewa miaka. Jirani aliutunza wimbo na akayaficha maradhi, na hata wimbo wenyewe umepungukiwa neno. Mzee hawezi kutuambia. Je, nani alistahili kupewa wimbo wa Ambakisye?