Mstari Uliopita Jikoni kwa Ndeonasia

"Ukitaja utokako, taja na uendako." Nimemwambia hivyo mjukuu wangu Ndesario leo hii, nilipomuuliza anakwenda wapi akanijibu, "Natoka, Bibi," mkono uko mlangoni. Kutoka hata moshi wa jikoni hutoka. Yeye na dada yake Manka wakacheka, wakataka kujua nimeiokota wapi methali hiyo. Sikuiokota. Ilizaliwa katika kihamba hiki hiki, shamba letu la ukoo lenye nyumba yetu, nami nikiwepo, na nikawaambia waketi niwasimulie.

Mwaka ule nilioolewa hapa, serikali ilikuwa inapima mashamba ya huku mlimani. Mama mkwe wangu, Ndeonasia, alikuwa mjane. Mumewe alizikwa katikati ya migomba, nyuma kidogo ya jiko, maana kwetu mtu hulazwa katika kihamba chake mwenyewe. Upande wa mashariki tulipakana na Elifuraha, na mpaka wetu ulikuwa wa masale, mmea ambao hakuna Mchaga mwenye akili zake anayeung'oa. Lakini barabara ilipopanuliwa, masale ya chini yalifyekwa. Yakabaki ya juu tu, kule kwenye mfereji wa maji.

Mpimaji wa kwanza alikuja wakati wa kiangazi, akapima, akaandika, akahamishwa. Sasa wapimaji wana desturi yao ya kuandika mwelekeo wa mstari. Huanza na Kaskazini au Kusini, na hapo ndipo hesabu inapotokea. Kisha huandika nyuzi, yaani mstari umeinama kiasi gani. Mwisho huandika Mashariki au Magharibi, ijulikane umeinamia wapi. Yule bwana aliandika "Kaskazini, nyuzi ishirini," akaishia hapo. Simlaumu sana. Alikuwa mzaliwa wa huku, na sisi hatuna mazoea ya kutaja pande zote hizo. Tunasema juu na chini, mlima unatuonyesha mengine. Amesimama barabarani, masale anayaona kwa macho yake. Ya nini kuandika kitu ambacho hata mbuzi anakiona?

Masika ikapita, magugu yakameza masale. Ndipo akaja mpimaji wa pili kuweka mawe ya mpaka, kijana wa Bukoba aitwaye Kagaruki, mpole, mwenye adabu zake. Alisimamisha darubini yake barabarani, akaielekeza juu, vibarua wakavuta kamba. Kamba ikaingia migombani kwetu, ikapita mbele ya jiko, na jiko, banda la mbuzi na kaburi vyote vikaangukia kwa Elifuraha.

"Mwanangu, mpaka haupiti hapa," mama mkwe alisema.

"Mama, kila niendako naambiwa mpaka haupiti hapa," Kagaruki alijibu. "Mimi nafuata kilichoandikwa."

Elifuraha alipoitwa aliangalia vidole vya miguu yake. "Serikali ndiyo imepima," alisema. "Mimi ni nani?" Nilimchukia siku ile, na sioni haya kusema.

Kibarua mmoja akaanza kuchimba shimo la jiwe, si mbali na kaburi. Nilidhani mama mkwe atapiga kelele. Hakupiga. Alikwenda akaketi chini kando ya kaburi, akanyoosha miguu.

"Chimbeni," alisema. "Lakini nielezeni kwanza, ili na mimi nimweleze mwenyewe huyu aliyelala hapa. Mstari wenu unatokea wapi?"

"Unahesabiwa kutoka kaskazini, mama," Kagaruki akajibu.

"Na unakwenda wapi?"

"Umeinama nyuzi ishirini."

"Sijauliza umeinama kiasi gani. Unakwenda wapi?"

Kagaruki aliifuata karatasi yake kwa kidole. Kidole kikaishia kwenye "ishirini."

"Haikuandikwa," alisema taratibu. "Mstari uliotangulia unakwenda magharibi. Nikadhani na huu..." Hakumaliza. "Wewe, acha kuchimba!"

Alirudi barabarani mbio. Akaigeuza darubini upande wa kulia, nyuzi zile zile ishirini, ila sasa kuelekea mashariki. Vibarua wakaufuata mstari na mapanga, wakifyeka magugu kati ya mibuni. Sisi tukabaki tunasikiliza mapanga.

"Masale!" sauti ikaita kutoka juu. "Bwana, masale haya hapa, mstari unayapita katikati!"

Nikaketi pale pale, juu ya maharage ya watu. Mama mkwe alicheka huku analia, akawa analipiga kaburi kwa kiganja, anasema, "Umesikia? Umesikia, baba? Huendi popote." Na Elifuraha, yule yule, akamnyang'anya kibarua jembe akalifukia lile shimo kwa mikono yake.

"Ningelalaje, mama?" alisema. "Nilime namzunguka jirani yangu?" Chuki yangu ikaniisha, au tuseme nusu yake.

Kagaruki aliletewa mbege, pombe yetu ya ndizi. Kabla hajaionja alitoa kalamu, akaandika "Mashariki" mahali palipopungua, kwa herufi nene, kisha akaomba radhi. Mama mkwe akamjazia kibuyu.

"Kunywa, mwanangu, yamekwisha," alimwambia. "Ila siku nyingine, ukitaja utokako, taja na uendako."

Vibarua walicheka, wakaondoka na neno hilo. Haikupita muda, wake wakawa wanawaambia waume zao, na wazee wanamwambia yeyote anayeanza shauri bila kulimaliza.

Nilipofika hapo, Ndesario aliinuka, akashika mlango tena. Safari hii akageuka.

"Natoka hapa nyumbani, Bibi," alisema. "Naenda mferejini kupalilia masale, halafu narudi."

Nikapumua. Kumbe na mimi, tangu asubuhi, nilikuwa nimeshikilia kamba isiyojulikana inakwenda wapi.

"Nenda, baba, ndivyo hasa," nikamwambia. "Ukitaja utokako, taja na uendako."