Watu Watatu wa Reli ya Mwamayombo

Sogeeni karibu, lakini asije mtu aliyezoea kuitikia tu. Hadithi hii inataka waamuzi.

Kijiji cha Mwamayombo kilikuwa na watu watatu wenye vipaji. Sungwa alikuwa na mikono: boliti iliyoota kutu hadi ikagandana na chuma, yeye aliifungua kama anayemenya ndizi. Milembe, mjane aliyewauzia abiria chai na vitumbua, alikuwa na ulimi. Akikufukuza, wewe ulifika nyumbani kwako ukiwa bado unageuka nyuma. Na Limbu alikuwa na nyuki. Wengine hufuga nyuki. Limbu, tulisema, nyuki ndio waliomfuga.

Siku hizo treni ilileta chumvi na nguo, ikaondoka na asali na karanga. Kisha mabehewa yakapungua. Ikawa inakuja kwa nadra, na masika moja ikaja, ikapiga honi, ikamchukua msimamizi wa stesheni pamoja na godoro lake. Haikurudi.

Nyasi zikameza reli. Wakaja wanunuzi wa vyuma chakavu na lori lao, na hapo ndipo kijiji kilipoharibika. Leo boliti hazipo, kesho mtu ana geti jipya, na kila anayepita analitazama lile geti. Watu wakaanza kusalimiana huku wanachunguzana mikono.

Wakati huo Sungwa alionekana akitembea juu ya reli na spana na gunia, akifungua boliti moja baada ya nyingine.

"Unazipeleka wapi, Sungwa?"

"Zinakwenda kulala."

"Zinalala wapi?"

"Zikiamka mtaziona."

Milembe naye akahamia ndani ya stesheni, akabadilisha kufuli. Waliokuja kung'oa mabati na tangi la maji aliwatolea maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. "Nalinda mali ya reli," alisema.

"Na hao mbuzi kwenye chumba cha tiketi, nao ni mali ya reli?"

Akafunga mlango.

Limbu akatundika mizinga kwenye daraja la chuma, ng'ambo hadi ng'ambo. Wakata vyuma walipokuja na mitungi yao ya gesi, nyuki waliwapokea. Wakajitupa mtoni na viatu vyao. Lakini daraja lile ndilo lililokuwa njia yetu ya kwenda mashambani. Nyanzala, mke wa ndugu yake Limbu mwenyewe, alipita pale na jembe begani, akaumwa hadi akapoteza fahamu. Alipona, ila jicho moja halikuona tena vizuri. Tukamsihi Limbu aiondoe mizinga. Akajibu, "Asali bado haijaiva."

Miaka ikapita. Ndipo ikaja habari kwamba reli itafufuliwa. Hakuna aliyeamini. "Wanayataka mashamba yetu," watu walinong'ona, na wengine wakahamisha mipaka usiku na mchana. Akaja mwanamke mmoja, Injinia Nambua, akasimama mbele ya mkutano.

"Njia ni mbili," alisema. "Hii ya kwenu, au mpya kupitia Kaselya. Kiberenge cha ukaguzi kitatoka mjini. Kikifika hapa, reli ni yenu. Kikikwama, nakwenda Kaselya."

Sungwa akainuka, akaenda nyuma ya zizi lake, akafukua. Magunia yale yalikuwa na boliti zilizopakwa grisi, aina ambayo haitengenezwi tena. Vijana wakashika spana, wakazirudisha relini. Limbu akawasha moshi, akaishusha mizinga, na daraja likaonekana limesimama, halikupungukiwa chuma hata kimoja. Milembe akatoa mbuzi, akafagia, akafungua milango. Paa lilikuwepo, tangi lilikuwepo.

Kiberenge kikaja. Kikavuka daraja taratibu, kikasimama stesheni. Milembe alikigusa ubavuni kwa kiganja kama anayempima mtoto homa, akalia.

Injinia akasema, "Nahitaji mtu mmoja wa kuitunza stesheni. Kazi ni yake na nyumba ya msimamizi ni yake. Mchagueni ninyi."

Hapo machozi yakakauka.

"Bila boliti zangu kingepinduka njiani," alisema Sungwa.

"Bila daraja kusingekuwa na njia," alisema Limbu.

"Na kingesimama wapi?" aliuliza Milembe. "Porini?"

Mtu akapaza sauti: "Sungwa, lile lori la vyuma chakavu lilisimama kwako mara ngapi? Lilifuata nini?"

"Maji ya rejeta."

Watu wakaguna.

"Na wewe Mama Milembe, injinia alipofika ulikuwa unajenga ukuta humo stesheni umtengee mwanao chumba. Kweli ungehama?"

"Si nimehama?"

Nyanzala akasimama, akamgeukia Limbu na lile jicho lake zima. "Shemeji, ulikuwa unalinda daraja au unalinda asali?"

Limbu akatazama chini. "Ningeiondoa mizinga, shemeji, daraja lingeondoka nayo."

"Sikukuuliza hilo," alisema Nyanzala.

Injinia akakunja ramani yake. "Mkishindwa, nitaleta mtu wangu kutoka mjini." Na mara minong'ono ikaanza: kumbe ndicho alichokitaka tangu mwanzo!

Mwenyekiti wa kijiji akawasimamisha wale watatu katikati ya uwanja, akatuambia kila mtu ajipange nyuma ya amtakaye. Hakuna aliyenyanyua mguu. Kila mmoja alikuwa akimtazama jirani yake, aone anaelekea wapi.

Nawe umo pale uwanjani, msikilizaji, na injinia ameshawasha gari. Je, utasimama nyuma ya nani?