Chura Aliyelinda Mlango wa Bi Manyoya

Paukwa! Nimesema paukwa, na wewe uliyeshika tama uitike. Pakawa, naam. Anayedhani naongopa ainuke sasa akalale, maana nikishaanza sibembelezi mtu.

Hapo zamani za kale, ng'ambo kwenye misitu ya Amerika, aliishi buibui mwenye manyoya, mpana kama sahani ya wali. Aliitwa Bi Manyoya. Shimoni mwake alikaa na Chura, kijichura cha ukubwa wa ukucha. Bi Manyoya alimkinga Chura na nyoka. Chura naye alikula sisimizi waliotamani mayai ya Bi Manyoya. Wakaishi, wakazoeana.

Siku moja Bi Manyoya akasema, "Mdogo wangu, gamba limenibana. Nalala chali nilivue. Nitakuwa laini kama uji. Usiniguse. Linda mlango tu."

"Nimesikia, Bi Mkubwa."

Akalala chali, miguu juu, kimya. Chura akamtazama. Maiti za buibui alizowahi kuziona zililala vivyo hivyo.

Akaja Mjusi, anataka nyumba. "Hodi. Mwenyewe yupo?"

"Yupo."

"Mbona kimya?"

"Anavaa."

Mjusi akaenda zake.

Akaja Nge, anataka nyama. "Hodi. Mwenyewe yupo?"

"Yupo."

"Mbona kimya?"

"Anavaa. Ingia umsaidie vifungo."

Nge akarudi kinyumenyume.

Wakaja Siafu. "Yupo?" Hawakungoja jibu. Chura akajibana mlangoni, akameza, akameza, akameza. Wakamng'ata macho, hakubanduka. Mwisho Siafu wakageuza njia.

Ndipo sauti ikatoka ndani, nyonge. "Mdogo wangu, bado upo?"

"Nipo."

Bi Manyoya alikuwa amesimama kando ya gamba lake kuukuu, manyoya mapya yaking'aa. Hadi leo buibui wa aina ile hamli chura wa aina ile.

Funzo ni hili: mwenzako akilala chali, usianze kugawa nyumba yake. Kaa mlangoni. Ngano nimeitua, aitakaye aibebe.

Ngojeni, kuna kipande nilikiruka. Nge alipoondoka, Chura alirudi ndani, hofu imemzidi. Akamvuta Bi Manyoya mguu mmoja, taratibu, ajue kama yu hai. Ukakatika.

Bi Manyoya aliinuka na miguu saba. Akaihesabu. Akamtazama Chura, Chura akatazama chini.

"Siafu wa siku hizi," Bi Manyoya akasema, "wana meno makali."

Akamsogezea nafasi ya kulala.